Peni za shaba kwenye maboksi ya benki: niliyoyaona kwa miaka minne

Mkuu, umeuliza kama inalipa hapa Marekani kuchukua benki maboksi ya peni, yaani sarafu za senti moja, na kuchambua za shaba. Nimekuwa nikifanya hivyo hapa Columbus majira ya baridi manne sasa, jioni baada ya kazi. Ukiifuata kwa ajili ya hela, utachoka mwezi wa kwanza. Ukizipenda sarafu zenyewe, hutaacha.

Boksi moja lina mabunda 50 ya karatasi, kila bunda peni 50. Jumla ni peni 2,500, yaani dola 25, na mzigo wake unazidi kilo 6. Unaagiza kwenye benki yenye akaunti yako, keshia anakutajia siku ya kuja. Zile usizozitaka zirudishe benki nyingine kabisa. Keshia aliyekuhangaikia Jumatatu asikuone Ijumaa ukimbwagia mzigo ule ule, maana hatakuagizia tena.

Kuchambua kwenyewe ni kusoma mwaka. Za hadi 1981 ni shaba kwa asilimia 95, isipokuwa za 1943. Kuanzia 1983 ni zinki iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Mwaka 1982 zilitoka za aina zote mbili, na hapo unahitaji mzani mdogo: ya shaba ina gramu 3.11, ya zinki 2.5. Ukishazoea, sikio linatangulia jicho. Iangushe mezani: ya shaba inalia kama kengele na mlio unabaki kidogo hewani, ya zinki inasema "ta" basi. Mwanangu ana miaka tisa, na siku hizi anaitaja akiwa chumba cha pili.

Katika maboksi yangu nimepata shaba kati ya 400 na 600 kwa kila boksi. Hapo ndipo wengi huanza kupiga hesabu ya kuziyeyusha na kuuza shaba kwa kilo. Ndugu yangu, usithubutu. Tangu Desemba 2006 ni marufuku kuyeyusha peni, na adhabu inafika faini ya dola 10,000 au kifungo cha miaka 5. Hata kuzitoa nje ya nchi kuna mpaka: msafiri anaruhusiwa za dola 5, au hadi 25 ikiwa wazi kwamba ni mkusanyiko wake binafsi. Kwa hiyo usijaze begi la kwenda Dar ukidhani fundi vyuma wa mtaa wa Gerezani atakununulia.

Utamu uko kwenye za zamani. Zile zenye masuke mawili ya ngano nyuma zilitengenezwa 1909 hadi 1958, na mimi hupata nne au tano kwa boksi, siku nyingine hakuna hata moja. Za 1943 ni za chuma kilichopakwa zinki, kwa sababu shaba ilihitajika vitani. Sumaku inazinasa mara moja. Inayosakwa na kila mtu ni ya 1909 yenye herufi S, alama ya kiwanda cha San Francisco, chini ya mwaka na VDB nyuma, herufi za mchongaji Victor David Brenner. Zilitoka 484,000 tu.

Mimi nilipata ya 1909 yenye VDB bila S. Si adimu kama ile, lakini mikono ilinitetemeka. Ilikuwa nyeusi, nami nikaisugua kwa ndimu na chumvi, kama bibi yangu kule Tanga alivyosugua masinia ya shaba kila Idi ikikaribia. Iling'aa vizuri sana. Muuza sarafu aliitazama kidogo tu akanirudishia: ile rangi ya miaka mia moja ndiyo aliyoitaka, na nilikuwa nimeimaliza kwa dakika tano. Bado inaniuma. Ukipata ya zamani, usiioshe, usiifute hata kwa kitambaa. Ishike ukingoni, itie kwenye kikasha chake.

Wala usizidharau za zinki. Tafuta za 1995 ambazo neno LIBERTY limejirudia kama kivuli. Nilipata moja kwa kioo cha kukuzia, kwenye rundo nililokuwa nimeshalifunga kurudisha.

Harakisha lakini. Tarehe 12 Novemba 2025 pale Philadelphia zilipigwa peni za mwisho za matumizi ya kawaida, na tangu hapo maboksi yamekuwa ya kubembeleza. Mara ya mwisho tawi langu lilinipa mabunda manne. Huko uliko wakikubali kukupa boksi zima, lichukue siku hiyo hiyo. Na ukiikuta ile yenye S, niandikie hata kama ni saa nane za usiku.