Usiibandue Stempu: Kwa Wanaoanza Kusoma Bahasha za Biashara ya Kamera

Wengi wetu tuliokusanya stempu utotoni tulifundishwa mambo yaleyale: bakuli la maji ya vuguvugu, bahasha inaloweshwa, stempu inabanduka na kuanikwa juu ya gazeti, bahasha inatupwa. Kama umevutiwa na bahasha za makampuni ya kamera, liweke mbali bakuli hilo. Huku stempu ni shahidi mmoja kati ya kadhaa, na ushahidi wake una maana ikiwa bado ipo pale ilipobandikwa.

Bahasha ninazozisema ni za Marekani, hasa za Rochester katika jimbo la New York, tangu miaka ya 1880 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Hapo ndipo George Eastman alipoanza kutengeneza vioo vikavu vya picha ("dry plate", yaani vioo vilivyopakwa kemikali ya kunasia picha), na jirani yake vikachipuka viwanda vya kamera na lenzi ambavyo kadhaa aliishia kuvinunua. Makampuni hayo yalibadili majina kama mtu anavyobadili shati. Jina lilichapwa kwenye kona ya juu kushoto, ili barua isiyomfikia mwenyewe irudishwe. Soma kona hiyo kwanza.

Mchukue Eastman. Mwaka 1881 ni Eastman Dry Plate Company. Mwaka 1884 yanaongezwa maneno "and Film". Mwaka 1889 ni Eastman Company, na 1892 ndipo linapokuja jina la Eastman Kodak Company. Sasa weka majina hayo kando ya nauli ya posta. Barua ya kawaida ya ndani ya nchi ililipiwa senti 3 hadi mwisho wa Septemba 1883, kisha ikashuka kuwa senti 2. Bahasha yenye jina lile la kwanza na malipo ya senti 2 inabanwa ndani ya mwaka mmoja hivi, hata kama mhuri wa posta hauonyeshi mwaka.

Nimesema "hivi" kwa makusudi. Bahasha zilichapwa kwa wingi, na hakuna karani aliyezitia motoni eti kwa sababu tajiri kabadili jina. Zilitumika mpaka zikaisha. Mara nyingine utakuta jina la zamani limekatwa kwa kalamu, au limegongwa muhuri wa mpira wenye jina jipya. Ukiiona ya namna hiyo, inunue hata kama imechanika. Mimi naipenda kuliko zile za rangi zenye picha ya kamera iliyojaa nusu ya bahasha, ambazo wenye pesa hugombania mnadani.

Niwasimulie kosa langu. Nilipata bahasha iliyoandikwa Rochester Optical Co., mhuri wake umepakaa wino hadi mwaka hausomeki. Nilijua kampuni hiyo ilianza 1883, na kwamba mwaka 1899 iliungana na nyingine nne, mojawapo ikiwa ya Chicago, zikaitwa Rochester Optical and Camera Company. Nikapiga hesabu ya haraka: jina ni lile fupi, basi ni kabla ya 1899. Nikaandika daftarini, nikawatangazia na wenzangu. Mzee mmoja aliyenitangulia mbali katika kazi hii akaniuliza tu, "Mwanangu, stempu umeitazama?"

Nikachukua kioo cha kukuzia. Senti 2, nyekundu, kichwa cha Washington, na nyuma ya kichwa kuna ngao. Stempu hiyo ilitoka Novemba 1903. Mwaka huohuo Eastman alikuwa ameinunua kampuni ile, na lile jina fupi likarudishwa kazini. Jina moja, vipindi viwili! Kama mwenye bahasha kabla yangu angeipitisha kwenye bakuli, uongo wangu ungekuwa bado umo daftarini.

Tazama pia kiasi kilicholipwa. Senti 1, na mdomo wa bahasha haukufungwa kwa gundi? Hiyo ilikwenda kwa nauli ya machapisho, kwa hiyo ndani huenda mlikuwa na orodha ya bei au tangazo. Senti 2 na imefungwa, ni barua: labda oda, labda deni, labda malalamiko. Halafu soma mpokeaji ni nani. Utashangaa jinsi wenye maduka ya dawa wanavyojirudia. Lakini dawa za kusafishia picha ni kemikali, na wao kemikali walikuwa nazo tayari kwenye rafu. Masonara nao wamo.

Ila usiruke ukasema kamera iliuzwa mji ule. Bahasha inaonyesha watu walikuwa wakiandikiana, basi. Kamera yenyewe aghalabu haikupita posta. Kabla ya huduma ya vifurushi kuanza Januari 1913, posta ya Marekani haikupokea kifurushi cha bidhaa kinachozidi pauni 4, yaani kama kilo 1.8. Mizigo mizito ilichukuliwa na makampuni binafsi ya usafirishaji, na karatasi zake ni kazi nyingine kabisa.

Unaponunua kwa mtandao, mwombe muuzaji picha ya mgongo wa bahasha. Huko ndiko posta ya mji wa mpokeaji ilikogonga mhuri wake, na mara nyingi tarehe inayosomeka ni hiyo. Mimi niliwahi kulipia moja nzuri sana usoni. Ilipofika, mgongo wote ulikuwa na mabaki ya karatasi ya albamu, gundi imekula mhuri. Na ukishaipata, usiiandike chochote, hata kwa penseli. Tumia kadi pembeni. Kadi ya ile bahasha yangu nimeiandika upya: "Rochester Optical Co., kwa mwenye duka la dawa. Si kabla ya Novemba 1903. Barua haimo."