Nakala mbili za daftari: zitume biti ngapi?

SWALI: SACCOS yetu ina matawi mawili, kila moja na nakala yake ya daftari la wanachama: rekodi 65,000, baiti 200 kila rekodi. Kila usiku tunatuma faili zima kwa setilaiti ili kulinganisha, na bando linakwisha. Tunaweza kutuma kidogo zaidi bila kukosea?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ukitaka uhakika wa asilimia 100, hapana. Daftari lenu ni biti milioni 104 (baiti moja ni biti 8), na tangu kazi ya mwanasayansi wa kompyuta Andrew Yao ya mwaka 1979 inajulikana kwamba hali mbaya kabisa inadai karibu biti zote hizo. Chukua madaftari mawili tofauti ambayo, kila moja likilinganishwa na nakala yake halisi, yanazaa mazungumzo yaleyale kati ya kompyuta. Tawi moja likiwa na la kwanza na jingine la pili, mazungumzo hayabadiliki, na jibu litakuwa "sawa", kimakosa. Basi kila daftari linalowezekana linahitaji mazungumzo yake, na ni mengi mno hata kuyatofautisha kunadai karibu biti milioni 104.

Ukikubali hatari ndogo, hesabu inageuka kabisa. Lichukulie daftari kama namba moja ndefu, chagua kwa bahati nasibu namba tasa isiyozidi biti 64, gawanya, kisha tuma namba hiyo pamoja na baki: baiti 16 tu. Tawi jingine ligawanye lake kwa namba hiyohiyo; baki zikilingana, nakala zihesabiwe kuwa sawa. Tofauti ya nakala mbili haiwezi kugawanyika kwa namba tasa zaidi ya milioni 104, na za kuchagua zinapita bilioni milioni 400. Uwezekano wa kudanganyika ni chini ya 1 kati ya bilioni.

Kazini tumieni SHA-256, kanuni inayogeuza data yoyote kuwa alama fupi ya baiti 32. Alama za matawi zikitofautiana, gawa daftari mafungu 16, linganisha alama zake, kisha gawa tena fungu lenye tofauti. Ikiwa ni rekodi moja tu iliyotofautiana, raundi 4 zinafikia rekodi yenyewe kwa baiti 2,048 hivi. Kugawa nusu kwa nusu kunatumia baiti chache zaidi lakini raundi 16, na kwenye setilaiti ya mbali kila raundi ni nusu sekunde au zaidi.

Kinachoharibu zaidi ni maandalizi. Nafasi moja ya ziada mwishoni mwa jina, au tarehe iliyoandikwa kwa mtindo mwingine, hubadilisha alama yote. Pangeni mafungu kwa namba ya mwanachama, kamwe si kwa nafasi kwenye faili, la sivyo mwanachama mmoja mpya atasukuma wote waliomfuata. Linganisheni nakala iliyogandishwa, wakati hakuna anayeingiza malipo.

Rekodi 5,000 zikibadilika kwa maelezo mapya kabisa, hizo baiti milioni 1 lazima zisafiri. Punguzeni kwa kukandamiza faili tu. Na wekeni namba ya toleo kwenye kila rekodi, maana alama haisemi salio la tawi lipi ndilo sahihi.