Re: Maji yanafika kwa jirani, tangi langu ni kavu

Sasa dada. Umesema siku ya mgao jirani wa chini anajaza mitungi yake yote, ila tangi lako la juu halipati hata tone. Mimi pia yalinikuta, na nilikaa wiki tatu nikinunua maji ya mkokoteni kabla ya kujua kasoro iko wapi.

Kwanza usipande juu. Fungua koki iliyo karibu na mita, ile ya chini kabisa, saa nane au saa tisa usiku watu wakiwa wamelala. Maji yakitoka hapo kwa uvivu, presha haiwezi kuyainua hadi gorofa ya tatu, hata ubadilishe mabomba yote. Yakitoka kwa nguvu, sasa panda uangalie boya la tangi, lile linaloelea na kufunga maji tangi likijaa. Langu lilikuwa limekwama juu na kutu, limefunga njia kabisa. Nililigonga kidogo na bisibisi, maji yakanirukia usoni.

Kama ni presha, dawa ni tangi la chini lijae usiku, kisha pampu ipandishe asubuhi. Usifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Utavuta maji ya wenzako na uchafu pamoja.

Na usingoje mvua. Hata bwawa la Ndakaini, linaloletea Nairobi maji, likijaa, mgao hauishi, kwa sababu jiji linahitaji maji mengi kuliko yanayoletwa.

Angalia pia kama keateka, yule msimamizi wa jengo, amefunga geti valvu, ile koki kubwa ya bomba, ya upande wenu. Wetu alikuwa "amesahau".