Marisau ya .22 kwa panya wa ghalani

Ndugu, umeuliza kama risasi za .22 (za bunduki ndogo, kipenyo cha inchi 0.22 hivi) zenye marisau, yaani punje ndogo nyingi badala ya kipande kimoja, zitamaliza panya ghalani kwako huko Texas bila kutoboa mabati. Zinafaa, ila kwa karibu sana: mita 3, zisizidi 5. Ndani yake mna takriban gramu 2 tu za marisau namba 12, punje za kama milimita 1.3, na zikishaenda mbali kidogo hazina nguvu. Tena mtutu wenye mifereji ya kujizungusha ndani huzizungusha zikatawanyika ovyo, zikaacha pengo katikati. Panya anajeruhiwa, anakwenda kufia ukutani kwa mateso. Hilo mimi silipendi kabisa. Mtutu laini ndani hukusanya vizuri zaidi. Bunduki inayojipakia yenyewe mara nyingi hukwama nazo.

Kwa nyoka mkubwa au mnyama kama kindi, chukua .410, bunduki ndogo ya marisau; risasi yake moja ina gramu 14 hivi za marisau.

Vaa miwani, punje hurudi zikigonga zege au chuma. Na tafadhali usipige juu ya pumba au nafaka ya kuku: marisau mengi ni ya madini ya risasi (ledi), na kuku huyadonoa kama changarawe, yakamtia sumu.