Plagi ya betri ya droni kupata moto na kung'oka: tatizo ni udogo wa joto

Assalamu alaykum. Ndugu yetu ameuliza kwa nini plagi ya XT60 (aina ya plagi ya pini mbili inayounganisha betri na droni) aliyoilehemu kwenye betri yake ya seli nne hupata moto hadi haishikiki baada ya dakika chache za kuruka, na kwa nini waya mwekundu umechomoka alipouvuta kidogo. Ameeleza pia kwamba alitumia chuma cha kulehemu cha wati 30 kwa kuogopa kuyeyusha plastiki. Nimekuwa nikirusha droni hapa Lamu kwa miaka kadhaa, na karibu plagi zote nilizoletewa zikiwa na kasoro hiyo zilikuwa zimelehemiwa kwa hofu hiyo hiyo.

Waya wa betri ni mnene, na shaba hulifyonza joto na kulipeleka mbali upesi. Chuma kidogo kikiugusa hupoa chenyewe, na lehemu huganda juu juu kama tone la nta lililodondokea kigae, ilhali nyuzi za ndani hazijaguswa kabisa. Kiungo cha namna hiyo hupitisha umeme, lakini kwa taabu. Droni ikivuta ampea 40 kupitia kiungo chenye ukinzani wa omu 0.005 tu, zinazaliwa wati 8 za joto ndani ya kitu kisichozidi kokwa ya tende. Huo ndio moto ulioushika mkononi.

Ni kweli kwamba nailoni ya plagi hulainika, lakini kinachoiharibu zaidi ni kukaa na joto kwa muda mrefu. Tumia chuma cha wati 60 au zaidi, chenye ncha bapa na pana, ukiweke kwenye nyuzijoto 380 hivi, na kila kiungo kikamilike kwa sekunde chache. Lehemu ya bati 60 na risasi 40 huyeyuka kabla ya kufika nyuzijoto 190, ilhali ile isiyo na risasi huanza kuyeyuka kwenye 217 hivi, kwa hiyo ya kwanza ni nyepesi zaidi kwa kazi hii. Kabla ya kuanza, chomeka plagi dume isiyounganishwa na kitu chochote ndani ya jike unalolilehemu, kwani huzishika pini zisipinde na kupunguza joto linalobaki kwenye nailoni.

Sisi tulio pwani tuna adui mwingine, nayo ni chumvi. Waya uliokaa wazi miezi michache hugeuka kahawia, kisha kijani, na lehemu haishiki hapo hata ukiongeza moto. Mimi huukata hadi nione shaba inayong'aa, kisha hupaka flaksi ya rozini, yaani dawa ya utomvu inayosafisha shaba ili lehemu ishike. Ile ya asidi wanayotumia mafundi wa bomba usiiguse, kwa sababu hubaki ndani ikiila shaba. Na kusi likivuma, funga dirisha linaloelekea baharini na uache mlango wazi ili moshi utoke, maana upepo huo hupoza ncha ya chuma kuliko unavyodhani.

Vika kwanza mpira wa kusinyaa (kibomba kinachobana kikipashwa joto) kwenye waya na uusogeze mbali. Paka lehemu kwenye waya ukiwa peke yake, kisha jaza lehemu nusu ya kikombe cha pini, yaani kitundu kilicho nyuma yake, halafu uvikutanishe. Weka chuma ubavuni mwa kikombe na utazame kwa makini: lehemu itakaa imetuna kwa muda, kisha ghafla itazama kati ya nyuzi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Hapo ondoa chuma, na usiutikise waya mpaka kiungo kigande.

Jambo la kukata waya ndilo ninaloliogopa zaidi. Betri yangu ya kwanza niliikata waya zote mbili kwa mkasi mmoja kwa pamoja. Cheche iliyoruka iliacha pengo la upana wa punje ya mchele kwenye makali ya chuma, na ningeweza kupoteza jicho. Kata mmoja, ulehemu, uufunike kwa ule mpira wa kusinyaa, ndipo uuguse wa pili. Ishushe betri hadi volti 3.8 kwa kila seli kabla ya kazi, uilaze juu ya kigae, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Betri iliyovimba usiilehemu kabisa.

Fuata alama za chanya na hasi zilizochongwa kwenye plagi yenyewe. Kiungo kikipoa, vuta kila waya kwa nguvu, kisha pima kwa mita: upate volti 15.2 hivi, bila alama ya kutoa mbele yake. Rusha droni dakika mbili karibu na ardhi, itue, na uishike plagi mara moja. Ikiwa vuguvugu tu, endelea kuruka; ikiwa moto, fungua kiungo na ukianze upya siku hiyo hiyo.