Barua ya kazi si ujumbe wa simu

Mwanangu, umeuliza kama barua ya kuomba kazi ya mapokezi hotelini Paje unaweza kuiandika kama unavyoandika kwenye simu. Hapana. Kwa mashoga zako andika "xaxa" na "cjui" upendavyo, mtaelewana. Hata mimi sichukii nikiletewa. Lakini barua uliyotuonyesha ina "Na omba" imetenganishwa, na "apa" bila ya h. Meneja hakujui, barua ndiyo sura yako. Andika "Naomba". Isome kwa sauti, polepole, kisha mpe mtu wa pili aipitie. "Skuli", neno letu Unguja kwa shule, usiifute, nakusihi: Kiunguja chetu ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Anwani yako na tarehe ziwe juu, upande wa kulia.