Nina Idi, au nina likizo ya serikali?

SWALI: Mimi ni muuguzi hapa Tanga. Mume wangu anafuata Arafa ya Saudia (tarehe tisa ya Dhulhija, siku mahujaji wanaposimama Arafa), na Idi ya kuchinja huisali siku moja kabla ya ile inayotangazwa na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ambayo ndiyo sikukuu ya kitaifa. Anasema hiyo ni "Idi ya serikali", na anachochinja mama yangu siku hiyo ni nyama tu. Siku ya Idi ya mume wangu mimi nakuwa zamu. Je, sheikh, nina Idi?

JIBU: Unayo, dada yangu. Na mama yako kachinja udhhiya, mnyama wa ibada ya Idi, iliyo sahihi, inshallah.

Kufuata mwandamo wa Makka ni rai yenye wanavyuoni wake, simlaumu mumeo kwa hilo. Kinachonihuzunisha ni kubatilisha ibada za wenzake. Kuraib alipotoka Shamu akamweleza bwana wake, swahaba Ibn Abbas, kwamba kule mwezi umeonekana usiku wa kuamkia Ijumaa, Ibn Abbas alijibu kuwa Madina wameuona usiku wa kuamkia Jumamosi, nao wataendelea na hesabu yao, hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume (s.a.w.). Kaipokea Muslim. Je, naye alikuwa na Idi ya serikali?

Wenye msimamo wa mumeo wanasema serikali haina dini, itatupangiaje Idi? Serikali haiangalii mwezi. Kalenda zenyewe huandika kwamba sikukuu hiyo itategemea mwandamo. Wanaotangaza ni masheikh, na serikali inachotoa ni ruhusa ya kupumzika. Halafu hilo tangazo la Saudia hutolewa na nani? Na Mahakama ya Juu ya nchi ile, chombo cha dola. Haiwezekani tangazo la dola liwe dini likitoka Riyadh, kisha liwe batili kwa kuwa ofisi za Dodoma zimefungwa siku hiyo. Na wazee wetu wa Tanga, Pangani na Lamu, waliopata habari za Hija mahujaji waliporudi na majahazi, walifunga Arafa gani? Walifunga tarehe tisa ya mwezi waliouona wao. Anayesema Idi yao haikuwa Idi anawahukumu mababu zake mwenyewe.

Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba Idi ya kuchinja ni siku mnayochinja, nyinyi, kwa pamoja.

Kuhusu kuchinja hata ugomvi haupo. Kwetu Mashafii wakati wake ni tarehe kumi na siku tatu za Tashriq, yaani kumi na moja hadi kumi na tatu. Hata kwa hesabu ya mumeo, mama yako kachinja tarehe kumi na moja. Nyama tu kwa fiqhi ipi?

Na zamu ikiangukia siku ya Idi yako, usiiache. Sala ya Idi ni sunna iliyokokotezwa, yaani iliyotiliwa mkazo lakini si faradhi, mgonjwa ni amana. Ukitoka kazini kabla ya adhuhuri unaweza kuisali nyumbani peke yako, rakaa mbili na takbira zake.

Sasa nakuomba jambo kama baba. Usiyabebe maneno yangu kwenda kumshinda nayo mumeo. Swahaba Ibn Masud hakuridhika khalifa Uthman alipokamilisha rakaa nne Mina badala ya mbili alizosali Mtume pale, lakini alisali nyuma yake nne, akasema khilafu, yaani kutofautiana, ni shari. Siku ya Idi ya mumeo mpikie, mvalishe watoto, mpe mkono wa Idi kabla hujaenda zamu. Siku hiyo kwako ni Arafa; ikiwa kuifunga kutawasha moto nyumbani, funga siku za mwanzo za Dhulhija na hiyo iache; ni sunna, huna dhambi. Kesho yake, mkiwa wote mmepumzika, mwombe akupeleke kwa mama yako. Asilazimishwe kusali tena. Ale tu ile nyama, na majirani Wakristo wanaokuja kula pilau siku hiyo wamkute amekaa na wakwe zake.

Wallahu a'lam.